Kindege Kikishaachiwa Hakifunzwi Tena

Katika michezo mingi mshindani hukaa na chombo chake mpaka mwisho. Mwendesha baiskeli hushika usukani hadi kwenye utepe, mpiga makasia haliachi kasia lake, na hata mtoto mwenye tiara ana uzi wa kuivuta inapoanza kuyumba. Uko mchezo mmoja, walakini, ambao mtu hutaabika miezi mingi kwa ajili ya dakika tatu, na dakika hizo zikishaanza hana tena la kutenda ila kutazama. Huo ni mchezo wa vindege vya mfano vinavyojirusha vyenyewe. Havina rubani ndani, havina uzi wakati wa kuruka, wala hakuna mtu aliye chini anayeviongoza kwa redio. Mwenye kindege hukiachia kutoka mkononi mwake, na tangu hapo kila litakalotokea hutegemea upepo na kazi iliyofanywa kabla.

Wala si ajabu habari za mchezo huu kufika katika ukurasa wa mambo ya nyumbani. Mchezo wenyewe ni mzaliwa wa nyumbani. Umekulia juu ya meza za kulia chakula, kati ya mikasi, gundi na karatasi, na wengi katika mabingwa wake waliuanza wangali wadogo. Zaidi ya hayo, wapenzi wake wamekuwa wakibishana kwa miaka mingi juu ya swali ambalo kila mzazi analifahamu: je, kitu alichokiunda mtoto kwa mikono yake ni sawa na kile alichonunuliwa?

SEKUNDE KUMI NA MOJA

Mwezi wa Agosti 1871, kijana wa Kifaransa aitwaye Alphonse Pénaud, mwenye umri wa miaka 21, aliwakusanya watu katika bustani ya Tuileries mjini Paris ili awaonyeshe kindege chake. Kilikuwa kidogo, cha nusu mita hivi, chenye mabawa mepesi, mkia, na rafadha iliyozungushwa na ukanda wa mpira uliosokotwa. Alipokiachia, kiliruka kwa muda wa sekunde 11 kikaenda yapata mita 40.

Mtu wa leo aweza kucheka. Lakini waliotazama siku ile waliona jambo kubwa. Kindege hakikupinduka, hakikuchimba kichwa, wala hakikuhitaji mkono wa mtu kukiweka sawa. Pénaud alikuwa amegundua namna ya kuupanga mkia na mabawa hata chombo kikajisawazisha chenyewe angani. Alitamani kuunda chombo kikubwa cha kuchukua watu, akakichora kwa uangalifu, lakini hakupata wa kumsaidia kwa fedha. Alifariki 1880 akiwa na umri wa miaka 30.

Kazi yake haikufa naye. Mwaka 1878 huko Marekani, Askofu Milton Wright alirudi nyumbani kutoka safarini na kitu cha kuchezea kilichotengenezwa kwa kizibo, mianzi na karatasi, kinachopaa kwa nguvu ya mpira, cha namna ileile ya mitambo ya Pénaud. Aliwapa wanawe wawili, Wilbur aliyekuwa na miaka 11 na Orville aliyekuwa na miaka 7. Kilipovunjika hawakulilia kingine. Walikaa wakaunda vyao. Walipojaribu kuunda vikubwa zaidi viligoma kuruka, nao wakabaki na swali vichwani. Watoto hao ndio walioirusha ndege ya kwanza yenye injini na mtu ndani yake, tarehe 17 Desemba 1903. Safari yao ya kwanza siku ile ilikuwa ya sekunde 12, mwendo wa mita 37 hivi. Mtu na alinganishe mwenyewe na ile ya kindege cha mpira cha miaka 32 nyuma.

JINSI KINAVYOJIONGOZA

Siri ya kindege kinachojirusha ni mambo machache, na yote huwekwa kabla ya kuachiwa.

La kwanza ni uzito. Kindege lazima kiwe na uzito zaidi kuelekea mbele, kwa kipimo maalumu. Ukizidi kinachimba kichwa, ukipungua kinainua pua kisha kinaanguka. La pili ni mkia. Bawa huelekezwa juu kidogo kwa upande wa mbele kuliko mkia, kiasi ambacho jicho lisilozoea halitakiona. Kindege kikianza kuinama na kuongeza kasi, tofauti hiyo ndogo hukiinua pua. Kikianza kupunguza kasi, pua hushuka tena. La tatu ni mabawa kuinuliwa ncha zake, mfano wa mwewe aliyetulia angani. Upande mmoja ukishuka, ule ulioshuka hupata kuinuliwa zaidi, na kindege hurudi sawa.

La nne ni mzunguko. Kindege kinachokwenda moja kwa moja hupotea upesi. Kwa hiyo mwundaji hukikunja usukani wake kidogo ili kizunguke kwa upole na kubaki katika eneo lilelile la anga.

Kuyapatanisha mambo hayo manne ni kazi ya asubuhi nyingi. Mtu hukirusha, hukitazama, huongeza uzito mdogo kama wa punje ya mchele, hukirusha tena. Hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika katika daftari, kwani akibadili mawili hatajua lipi lililomfaa. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na hao wenye vindege wanalijua hilo kwa namna yao, kwa sababu kosa lililoachwa mezani hulikuta angani, na huko hawawezi kulifikia.

KOMBE LA WAKEFIELD

Mashindano ya vindege hivi ni ya zamani. Yenye sifa kubwa zaidi ni yale ya Kombe la Wakefield, lililopewa jina la Lord Wakefield wa Uingereza, tajiri wa mafuta ya kulainishia mitambo, ambaye aliwahi kuwa Meya wa London. Kombe hilo limeshindaniwa na mataifa tangu 1928, isipokuwa miaka ya Vita Kuu ya Pili na ile iliyofuata mara baada yake. Ni la vindege vya mpira, ndugu wa moja kwa moja wa kile cha Pénaud. Washindani wa nchi za mbali wasioweza kusafiri waliruhusiwa kuvipeleka vindege vyao ndani ya sanduku ili virushwe na mtu mwingine kwa niaba yao. Hivyo aliyeunda alibaki kwao, maelfu ya maili mbali, akingojea habari.

Mwaka 1939 mashindano yalifanyika katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mmarekani Dick Korda alikiachia kindege chake, nacho kikakutana na hewa yenye joto iliyokuwa ikipanda. Kilipanda nayo. Waamuzi walikitazama kwa dakika 43 na ushei. Naye Korda akalitwaa kombe.

Safari hiyo ilisifiwa sana, lakini ilileta swali la haki. Ikiwa pumzi moja ya hewa ya joto yaweza kumpa mtu ushindi, ujuzi u wapi? Kwa sababu hiyo kanuni zikawekwa. Siku hizi, chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Angani, FAI, mashindano makuu huwa ya zamu saba, na kwa kawaida kila zamu haihesabiwi zaidi ya dakika tatu, hata kindege kikae juu mpaka jua litue. Anayetaka kushinda hana budi kuzitimiza dakika hizo katika kila zamu. Bahati yaweza kumbeba mtu mara moja. Mara saba ni shida. Waliotimiza zote hupambana tena jioni au alfajiri, hewa ikiwa imetulia, kwa muda mrefu zaidi, mpaka abaki mmoja.

Madaraja makuu ya nje ni matatu. La kwanza ni la vindege visivyo na mtambo wowote, vinavyopandishwa kwa uzi wa mita 50, mwenyewe akikimbia chini kama mrusha tiara, kisha uzi huachia. La pili ni hilo la mpira, ambapo kindege hakiruhusiwi kupungua gramu 200 bila mpira wake, na mpira wenyewe usizidi gramu 30. Kwa jumla hakifikii uzito wa robo kilo ya sukari, ijapokuwa mabawa yake hufikia mita moja na nusu na zaidi. La tatu ni la injini ndogo ambayo hukiinua kindege kwa kasi ya kutisha kwa sekunde chache tu, kisha huzimika.

KUIWINDA HEWA

Mashindano hutaka uwanda mpana usio na miti wala nyaya za umeme. Mwaka 2015 mabingwa wa dunia walishindana katika nyika za Mongolia, na 2019 katika ardhi kavu ya Lost Hills, California.

Mtu asiyejua akifika huko atashangaa kuona washindani wamesimama bila kufanya lolote. Kumbe wako kazini. Wanaiwinda hewa. Jua linapochoma ardhi, sehemu nyingine hupata joto upesi kuliko nyingine, na hewa iliyo juu yake huinuka kama mvuke wa sufuria. Pembeni mwake kuna hewa inayoshuka. Atakayekiachia kindege chake katika hewa ipandayo atazitimiza dakika tatu. Atakayekiachia hatua mia kando, pengine hatamaliza hata mbili.

Hewa haionekani, kwa hiyo husomwa kwa dalili. Husimamishwa mlingoti wenye utepe mwembamba wa plastiki, na utepe ukianza kuinuka huku upepo ukibadilika shingoni, watu huanza kunong'onezana. Wengine hupuliza mapovu ya sabuni wakayatazama yanakoelekea. Wengine hutumia vipimajoto vinavyotambua badiliko dogo kabisa. Wengi huwatazama ndege wenye uhai. Mwewe anayezunguka bila kupiga bawa ameshaipata hewa njema, na haongopi. Jambo hili si geni kwa mtu wa huku kwetu aliyewahi kuwaona korongo wakipanda kwa mizunguko juu ya mbuga saa tano za mchana.

Mwenye kindege cha mpira ameshausokota mpira wake. Ameuvuta ukawa mrefu mara kadhaa ya urefu wake, akauzungusha kwa keekee mamia ya mizunguko, msaidizi akishikilia upande wa pili. Mpira ukikatika wakati huo hupasua kiwiliwili vipande vipande, na kazi ya miezi huisha kwa mlio mmoja. Ndiyo maana wengi huusokota ndani ya bomba la kukinga. Ukishajaa hauwezi kungoja sana, maana nguvu yake hupungua kila dakika inayopita. Basi mtu husimama, kindege mkononi, hewa njema haijafika, mpira unachoka. Akiharakisha atajuta, na akichelewa atajuta.

Kisha hukirusha juu kwa nguvu zake zote. Rafadha huvuma kwa muda usiofika dakika moja, halafu makasia yake hujikunja, na kindege huanza kuzunguka kimya. Waamuzi wawili wenye saa na darubini hukitazama. Mwenyewe naye hukitazama. Hana la kufanya.

KUKIRUDISHA NYUMBANI

Hewa inayokibeba kindege yaweza pia kukipoteza. Zamani vingi viliondoka visionekane tena. Ndipo ikabuniwa hila moja rahisi sana. Kipande cha utambi huwashwa kabla ya kurusha, nacho huungua polepole mpaka kifikie ukanda mdogo wa mpira unaoushikilia mkia. Ukanda ukikatika, mkia huinuka ghafla, kindege hupoteza mwendo, na kushuka taratibu huku kikiwa kimelala kifudifudi. Ilibidi utambi uzimwe katika kijibomba cha bati, usije ukawasha nyasi kavu.

Leo kazi hiyo hufanywa na saa ndogo iliyomo ndani ya kindege. Kanuni zimeruhusu pia mwenyewe kuufyatua mkia kwa redio akiwa chini. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka wake, nao unastahili kuzingatiwa: aweza kuikatisha safari, hawezi kuielekeza. Anaweza kukiita kindege kishuke. Kukifundisha njia, wakati umepita.

Baada ya hapo huanza safari ya miguu, ya baiskeli au ya pikipiki, dira mkononi, pengine maili kadhaa, kuvuka mashamba ya watu. Ni desturi kuandika juu ya bawa jina la mwenyewe na mahali anapopatikana. Vindege vingi vimerudishwa na wakulima na wachungaji waliovikuta, nao washindani wenye adabu hujua kwamba shamba lililokanyagwa leo litafungwa kesho.

ALIYEUNDA NA ALIYENUNUA

Kwa miaka mingi kanuni za kimataifa zilidai kwamba anayerusha kindege awe ndiye aliyekiunda. Sharti hilo lilikuwa roho ya mchezo. Kisha zikaja nyuzi za kaboni, saa za elektroni, na rafadha zinazojigeuza zenyewe. Mafundi stadi, hasa wa Ukraina na Urusi, walianza kuviuza vindege na sehemu zake, nao wapo wanaopata riziki yao kwa kazi hiyo. Hatimaye sharti la kuunda likaondolewa katika madaraja makuu ya nje.

Wanaoliunga mkono badiliko hilo wana hoja. Husema kwamba mtu mwenye kazi na watoto hana saa mia tano za kukaa karakanani. Kwamba sharti lenyewe halikuwa rahisi kulisimamia, kwa kuwa nani angejua mkono uliopaka gundi usiku. Na kwamba hata aliyenunua kindege bora duniani atashindwa asipojua kuisoma hewa. Hayo ni kweli. Mwewe hamjali aliye na fedha.

Upande wa pili husema kwamba mchezo umepungukiwa. Kijana asiye na fedha, aliyeunda chake kwa mti wa balsa na karatasi, anasimama karibu na mwenye chombo cha bei ya mishahara kadhaa, na moyo wake huvunjika kabla ya kurusha. Tena, aliyenunua, chombo kikiharibika, hawezi kujua kwa nini. Wapo wapenzi wa mchezo huu, hasa wanaounda vindege vya mitindo ya kale, ambao katika mashindano yao wangali wakilishikilia sharti lile.

Kati ya hoja hizo mbili mzazi hana haja ya kuchagua kwa ajili ya mabingwa. Achague kwa ajili ya mwanawe. Kwa bingwa wa miaka 50, kindege ni chombo cha kushindia. Kwa mtoto wa miaka 11, ni mwalimu. Na mwalimu huyo hafundishi ila yule aliyeshika mkasi. Wana wa Askofu Wright walifaidika zaidi na chao kilipovunjika kuliko kilipokuwa kizima.

KIPIMO CHA NYUMBANI

Hakuna haja ya balsa inayotoka Ekwado. Bua kavu la mtama au la muhindi lenye urefu wa sentimita 30, lililonyooka, latosha kuwa kiwiliwili. Bawa likatwe katika karatasi ya manila, sentimita 30 kwa 6, likunjwe kidogo katikati ili ncha zake ziinuke vidole viwili. Mkia uwe sentimita 12 kwa 4, pamoja na kipande cha kusimama kama pezi la samaki. Bawa lifungwe kwa uzi au ukanda wa mpira, theluthi moja kutoka mbele, na chini ya ukingo wake wa mbele iwekwe njiti moja ya kiberiti. Njiti hiyo ndiyo ile tofauti ndogo ya Pénaud. Puani libandikwe donge la udongo wa mfinyanzi, mpaka kindege kikae sawa juu ya vidole viwili vilivyowekwa chini ya bawa, karibu na ukingo wake wa mbele kuliko wa nyuma.

Kirushwe asubuhi kabla ya upepo kuamka, polepole, kikielekezwa mbele wala si juu. Kikiinua pua na kuanguka, udongo uongezwe. Kikichimba kichwa, udongo upunguzwe, au ukingo wa nyuma wa mkia uinuliwe kidogo sana. Jambo moja kwa mara moja, na daftari pembeni. Wasichana kwa wavulana wa jirani wahesabiwe sekunde zao kwa saa ya baba. Sekunde tano si haba, na mtu asidharau sekunde 11.

Jambo la mwisho ni la mzazi mwenyewe. Mtoto anapobandika udongo mwingi mno, mzazi ataliona kosa kabla yake, na mkono utamwasha. Auzuie. Kindege kitachimba kichwa mbele ya wote, mtoto atakiokota, atakitazama, kisha atapunguza udongo mwenyewe. Iko siku naye ataachiwa aende zake, na siku hiyo hakutakuwa na mtu wa kumpunguzia.